Shahidi Aliyelewa

Lugha yetu haikosi maneno ya kumtaja mtu aliyekunywa. Husemwa amelewa, amepiga mtindi, amechapa maji. Akizidi, amelewa chakari. Na akionekana njiani anakwenda upande, husemwa analewalewa, neno ambalo hufaa vilevile kwa chombo kinachoyumba baharini. Neno hili la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu. Laonyesha kwamba waliolitumia walimpima mlevi kwa miguu yake. Mtu aliyekwenda sawasawa, akaitika salamu kwa adabu, akaingiza ufunguo katika tundu lake bila kupapasa, alihesabiwa mzima, hata kama mtungi wa tembo ulikuwa umekauka mbele yake.

Nataka kueleza katika kurasa hizi jinsi kipimo hicho kilivyoachwa, na sababu za kuachwa kwake. Habari yenyewe ni ya miaka mia na arobaini hivi, nayo imetokea zaidi Ulaya na Marekani, katika vyumba vya majaribio na katika barabara za huko. Lakini dereva wa kwetu anaposimamishwa usiku na kuambiwa apulize pumzi katika kipima ulevi, amesimama mwishoni mwa habari hiyo, ajue asijue. Wengi hubishana na askari pale pale. "Nimekunywa kidogo tu, afande, najijua." Neno hilo, najijua, ndiyo kesi yenyewe.

Tuanze na mahakama. Nchini Uingereza sheria ya vileo ya mwaka 1872 ilimtia hatiani mtu aliyelewa hali ana dhamana ya gari la kukokotwa, farasi, ng'ombe au mtambo wa mvuke. Motokaa hazikuwapo bado. Zilipofika, hazikukawia kumpata mtu wao: tarehe 10 Septemba 1897 dereva wa teksi ya umeme mjini London, jina lake George Smith, aligonga jengo katika mtaa wa New Bond Street, akakiri kosa, akawa wa kwanza kuhukumiwa huko kwa kuendesha motokaa amelewa. Kesi ya mtu anayekiri ni fupi. Shida ilikuwa kwa wale waliokana, nao ndio wengi. Hapo askari aliulizwa kama mshtakiwa aliyumba; daktari alimwambia atembee juu ya mstari uliochorwa sakafuni, aokote sarafu, atamke maneno magumu yenye kuufunga ulimi wa mlevi. Aliyeyafanya hayo yote vizuri aliweza kwenda zake kwa mke wake. Mahakama, kama wazee wetu, ilitazama miguu na ulimi.

Wakati huohuo, mbali na mahakama, Mjerumani mmoja alikuwa amekwisha kuanza kutazama mahali pengine. Emil Kraepelin alizaliwa mwaka 1856, akasomea udaktari, na jina lake limebaki kubwa katika tiba ya maradhi ya akili. Lakini alipokuwa kijana alivutwa na chumba cha majaribio cha Wilhelm Wundt, kilichofunguliwa katika mji wa Leipzig mwaka 1879. Humo watu walikuwa wakifanya jambo ambalo lilionekana kwa wengi kuwa ni mzaha: kuipima fikira kwa saa. Walikuwa na saa ya umeme iliyoweza kuonyesha sehemu moja katika elfu ya sekunde. Mtu huketi, husikia mlio, hubonyeza kitufe. Saa huandika muda uliopita kati ya kusikia na kubonyeza. Kisha kazi hutiwa uzito kidogo: rangi hii bonyeza kwa mkono wa kulia, rangi ile kwa mkono wa kushoto. Muda wa pili huwa mrefu kuliko wa kwanza, na ile ziada ndiyo gharama ya kuchagua.

Kraepelin akaichukua saa hiyo na kuweka kando yake kileo, chai na dawa nyinginezo. Alianza Leipzig katika miaka ya 1880, akaendelea Dorpat, mji ambao leo huitwa Tartu katika nchi ya Estonia, na mwaka 1892 akatoa kitabu juu ya namna dawa zinavyogeuza kazi nyepesi za akili. Aliyoyaona yalikuwa mawili, na mtu asiyeyatenga hataelewa habari inayofuata. Baada ya kunywa kidogo, mkono uliweza kuwa mwepesi zaidi kwa muda, hasa pale ambapo hapakuwa na la kufikiri. Lakini kupokea kilicholetwa, kukitambua, kukilinganisha na kingine na kuchagua, hayo yalipungua upesi. Mkono ulikimbia mbele ya jicho. Na mnywaji, kwa kuwa aliusikia mkono wake ukikimbia, aliamini kwamba kazi nzima inakwenda mbio. Alipojumlisha tarakimu aliona hesabu zimekuwa nyepesi. Saa ilisema amechelewa.

Hapo, kwa maoni yangu, ndipo ulipozaliwa ujuzi mpya wa jambo hili. Kwamba kileo huharibu akili, hilo lilijulikana tangu zamani kwa kila mtu mwenye jirani. Jambo jipya lilikuwa kugundua kwamba kuna saa ambayo mtu anakwenda wima, anasema vizuri, anafurahi, na huku hukumu yake juu ya nafsi yake imekwisha kuharibika. Twaweza kusema kwamba shahidi wa kwanza kuondolewa barazani ni yule anayekaa ndani ya mtu.

Gustav Aschaffenburg, mwanafunzi wa Kraepelin, alilitoa jambo hili chumbani na kulipeleka kazini. Alichagua wapangaji wa herufi wanne, watu wa kiwanda cha kupigia chapa, mafundi waliozoea kazi yao na waliozoea vilevile kinywaji chao. Chaguo hilo lilikuwa la busara. Mpangaji wa herufi hutazama maandishi, hushika mstari kichwani, huokota vipande vya risasi kimoja kimoja katika visanduku vyao, huvipanga kinyumenyume. Macho, kumbukumbu na vidole hufanya kazi pamoja, na mwisho wa robo saa herufi zaweza kuhesabiwa. Kwa siku nne walipimwa. Siku ya pili na ya nne walipewa kila mmoja gramu 200 za divai ya Kigiriki, yaani gilasi moja kubwa, yenye kileo kisichofika gramu 40. Hesabu zilipotolewa mwaka 1896, kazi ya siku za divai ilikuwa imepungua kadiri ya asilimia 9. Si kiasi cha kumfanya mtu aanguke chini. Bwana wa kiwanda angalipita kati ya meza zao, asingaliona kitu.

Wapinzani wa ulevi waliupokea ushahidi huu kwa shangwe, ukachapwa katika vijitabu na kusomwa katika mikutano ya nchi nyingi. Kraepelin mwenyewe aliacha kabisa kunywa, na mwaka 1903 alipohamia München, mji wa bia, alikuwa kama mtu aliyehubiri ukame ufukoni mwa bahari. Nasita kidogo hapa. Mtaalamu anapogeuka mhubiri, mizani yake haina budi kukaguliwa na mtu mwingine. Na ukaguzi ulikuja, tena kwa ukali, kutoka Cambridge.

Aliyeuleta ni W. H. R. Rivers, daktari na mwalimu, mtu wa haki asiyependa makelele. Mwaka 1906 alitoa mihadhara mbele ya chuo cha matabibu cha London, ikatoka katika kitabu mwaka 1908. Hoja yake ilikuwa nyepesi hata yashangaza kwamba haikuonekana mapema: wapangaji wa herufi walijua siku gani wamekunywa. Mtu anayejua kwamba amekunywa divai, na kwamba mabwana wenye saa wanangoja kuona imemfanya nini, hawi tena mtu yule wa jana. Hamu, hofu, mazoea, tamaa ya kuwaridhisha wenye kuuliza, yote hayo huingia kazini pamoja na divai. Rivers akatengeneza kinywaji chenye ladha kali, kikitiwa kileo au kisipotiwa mnywaji asiweze kujua. Mgema wetu akisifiwa tembo hulitia maji kwa kiburi. Rivers alilitia maji kwa ajili ya ukweli, na nadhani hakuna mgema aliyewahi kufanya kazi yenye manufaa zaidi. Alipowapima watu kwa kazi ya misuli, kileo kidogo kilichofichwa hakikuonyesha tofauti yoyote ya kutajwa.

Je, basi Kraepelin alibatilishwa? Hakubatilishwa, lakini alitakiwa kuleta ushahidi ulio bora. Ulipatikana Boston, ambako Raymond Dodge na Francis Benedict walitoa kitabu kikubwa mwaka 1915. Hawa walipima mambo ambayo mtu hawezi kuyaamrisha: goti linavyoruka likigongwa, kope inavyofumba kwa mshtuko, jicho linavyohama kutoka alama moja hadi nyingine. Mtu aweza kujifanya mwepesi wa kujumlisha. Goti haliwezi kujifanya lolote. Goti, kope na jicho vyote vilichelewa. Tangu hapo haikuwezekana tena kusema kwamba ni mawazo tu ya mnywaji, na haikuwezekana pia kufanya jaribio la kweli bila kuficha gilasi kama alivyofundisha Rivers. Wote wawili walishinda.

Lakini ushahidi wa chumbani haukumsaidia hakimu, maana hakimu hana saa ya Leipzig, naye hushughulika na jambo lililotokea jana usiku. Aliyeujenga mtumbwi wa kuvukia ni Msweden, Erik Widmark wa Lund. Mwaka 1922 alieleza njia ya kupima kileo katika matone machache ya damu yaliyotolewa kwenye ncha ya kidole au ndewe ya sikio. Aliendelea kuonyesha kwamba kileo huondoka mwilini kwa mwendo karibu ule ule saa baada ya saa, hata mtu aweza kuhesabu kwa kurudi nyuma. Norway ilikuwa nchi ya kwanza kuliandika katika sheria: kwa sheria ya mwaka 1936, dereva mwenye zaidi ya nusu sehemu ya kileo katika kila sehemu 1000 za damu alikuwa na hatia, awe ameyumba au hakuyumba. Hapo miguu iliondolewa barazani. Mtu aweza kuuona uzito wa jambo hilo akilifikiri polepole. Sheria ilimwambia raia mwenye akili timamu, mwenye mashahidi kumi wa kusema kwamba alikwenda kama askari katika gwaride: sisi twaamini tone la damu yako kuliko tunavyokuamini wewe.

Kwa haki gani? Swali hili halikuwa la wanywaji peke yao. Mawakili wema waliliuliza pia. Jibu lililonigusa zaidi lilitoka Manchester. Mwaka 1958 John Cohen na wenzake wawili walichapisha majaribio waliyofanya na madereva wa mabasi ya mji huo, watu ambao kazi yao ya kila siku ilikuwa kupitisha gari pana mahali pembamba. Nguzo mbili zilisimamishwa uwanjani, zikasogezwa na kutengwa. Dereva aliulizwa kwanza: ukijaribu mara kadhaa kupita hapa, utafaulu mara ngapi? Kisha alipewa basi apite. Wengine hawakunywa kitu, wengine walikunywa wiski kidogo, wengine zaidi. Waliokunywa walikubali kujaribu nafasi zilizo nyembamba zaidi, na walikuwamo waliothubutu kuliingiza basi mahali palipokuwa pembamba kuliko basi lenyewe.

Tuwatazame watu hawa. Hawakuwa vijana wa mchezo. Kila mmoja alikuwa na miaka ya usukani, na alijua upana wa gari lake kama mshonaji ajuavyo mkono wa shati. Hawakudanganya pia, hapakuwa na askari wa kudanganywa. Walisema kwa moyo safi kwamba watapita, na nafasi haikuwapo. Ndiyo maana nasema mlevi wa kiasi hasemi uongo anaposema "najijua." Mwongo anajua kweli na kuificha. Huyu kweli imeondolewa mbele yake, na mahali pake pamewekwa kitu kinachofanana nayo sana.

Mwaka huohuo G. C. Drew na wenzake walipima watu 40 kwa mtambo wa kujifunzia kuendesha, wakaona makosa yakiongezeka tangu kileo kidogo, wala hapakuonekana mstari ambao chini yake mtu yu salama. Kisha ikaja hesabu kubwa kuliko zote. Katika mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan, Robert Borkenstein, aliyekuwa amevumbua kipima pumzi mwaka 1954, alisimamia kazi ya mwaka 1962 na 1963: karibu madereva 6,000 waliopata ajali walilinganishwa na zaidi ya 7,500 waliopita mahali pale pale, siku na saa kama ile, bila ajali. Hatari ilionekana kupanda kileo kinapopita miligramu 40 katika mililita 100 za damu, na kupanda kwa kasi baada ya 80.

Haki yataka niseme na lile lililowafurahisha watengenezaji wa bia. Katika hesabu za Grand Rapids, waliokuwa na kileo kidogo sana walionekana wana ajali chache kuliko wasio na kileo kabisa. Je, gilasi moja humfanya dereva mwangalifu? Wengi walilirukia jambo hilo. Lakini kundi la wasiokunywa lilikuwa na vijana wageni wa usukani na wazee wengi, watu wenye ajali nyingi hata kwa chai. Walipolinganishwa watu wenye mazoea yaliyo sawa ya kunywa, faida ile ilitoweka. Hesabu nazo zaweza kulewa, zisipoulizwa vizuri.

Nchini Uingereza Barbara Castle, waziri wa usafirishaji ambaye hakuwa na leseni ya kuendesha, aliipitisha sheria iliyoanza kutumika Oktoba 1967: miligramu 80 katika mililita 100 za damu, na kupuliza barabarani. Alitukanwa sana. Vifo vya barabarani vilipungua. Kiasi hicho cha 80 ndicho kilichoenea katika nchi nyingi zilizorithi sheria kutoka huko, ingawa nyingine zimekishusha baadaye.

Baada ya hapo wataalamu walirudi chumbani na swali la ndani zaidi: umakini huharibika kwa namna gani? Mwaka 1990 Wamarekani wawili, Claude Steele na Robert Josephs, waliandika kwamba kileo hulifinya jicho la akili, likaona kilicho karibu na chenye kung'aa, lisione kilicho mbali na chenye kufifia. Aliye na furaha mbele yake hufurahi zaidi. Aliye na tusi mbele yake huliona tusi peke yake, wala haioni jela iliyo nyuma ya ngumi. Mwaka 2006 watafiti wengine watatu walionyesha watu picha ya sinema ya wachezaji wanaorushiana mpira, wakawaambia wahesabu mirusho. Katikati ya mchezo mtu aliyevaa vazi la sokwe hupita na kujipiga kifua. Kati ya wasiokunywa, asilimia 46 walimwona. Kati ya waliokunywa kiasi kisichofika hata kipimo cha Uingereza, walimwona asilimia 18.

Jaribio la mwaka 2009 ndilo ninalolikumbuka zaidi, kwa kuwa lahusu kazi yangu. Michael Sayette na wenzake waliwapa wanaume kileo, na wengine kinywaji kilichofanana nacho, kisha wakawakalisha kusoma sehemu ya riwaya ya Tolstoy juu ya vita na amani. Waliambiwa: ukijikuta fikira zako zimetoka kitabuni, bonyeza kitufe. Tena mara kwa mara waliulizwa ghafula: sasa hivi ulikuwa wapi? Walipoulizwa ghafula, waliokunywa walikutwa wamezurura takriban mara mbili ya wenzao. Lakini kitufe hawakukibonyeza zaidi kuliko wenzao. Fikira zilitoka, na mlinzi wa mlango hakuziona zikitoka. Ni yale yale ya Dorpat, kwa chombo kipya.

Niliposoma hayo nilikumbuka usiku mmoja wa miaka mingi iliyopita, nilipokuwa mwalimu mpya wa chuo. Nilikuwa na insha 26 za wanafunzi za kusahihishwa, na nilikuwa nimetoka katika harusi ambako nilikunywa bia tatu, wala sikupepesuka kokote. Niliketi mezani nikafanya kazi kwa furaha isiyo ya kawaida. Niliona hoja za wanafunzi zikifunguka mbele yangu kama milango. Nililala nikijisifu kwamba sijapata kusahihisha kwa haki na kwa wepesi namna ile. Asubuhi, kwa sababu tu kikombe cha chai kilimwagikia insha ya juu nikalazimika kuifungua ikauke, niliona kwamba ukurasa wake wa tatu sikuusoma. Nilifungua ya pili. Kijana mmoja, mtu mkimya wa nyuma ya darasa, alikuwa ameandika hoja nzuri kuliko wote, akaanza vibaya. Nami nilikuwa nimempa alama ya mwanzo wake.

Nilizisahihisha zote upya kwa wino wa kijani juu ya ule mwekundu, nikamwandikia kila mmoja kwamba alama ya kijani ndiyo halali. Wanafunzi hawakuuliza sababu, nami sikuwaambia. Nakala ya insha moja ninayo bado. Mwandiko mwekundu umenyooka, herufi zimesimama sawa mstarini. Ni mzuri kuliko ule wa asubuhi.